Chai ya Kericho Ina Majina, Tuyataje

Majuzi niliandamana na wenzangu wawili, walimu wa Kiswahili kutoka Pwani, kuzuru shamba moja kubwa la chai viungani mwa mji wa Kericho. Kijana aliyetutembeza alikuwa stadi. Alitueleza kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari, mvua ya alasiri, majani mawili na kichipukizi, hata mzungu aliyejenga nyumba ile ya mawe iliyo kileleni. Kisha mwenzangu mmoja akamuuliza, “Na Kericho lenyewe, ndugu yangu, maana yake nini?”

Kijana akacheka, akajikuna kichwa. “Mwalimu, hiyo sasa hawakutuambia. Kwenye karatasi haimo.”

Kijana mwenyewe ni Mkipsigis. Neno kerichek, yaani dawa, analijua tangu utotoni. Ila hakuna aliyemwambia kwamba linahusika na matembezi yetu. Wapo wazee wanaolinasibisha jina la mji na neno hilo. Wapo pia wanaosema linatokana na Mmaasai aliyeitwa Ole Kericho. Hayo ni masimulizi mawili. Mgeni aliyelipa ada ya kuingia alistahili kuyasikia.

Hoja yangu leo ni hii: utalii wa chai unaopigiwa debe Kericho na Bomet utabaki kuwa wa kupiga picha tu mpaka majina ya mahali na ya watu yarudishwe katika simulizi.

Wenzetu wa mvinyo walilitambua hili zamani. Champagne lilikuwa jina la eneo la Ufaransa kabla halijawa jina la kinywaji, na mwaka 2015 UNESCO iliingiza vilima na maghala ya eneo hilo katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Chai yetu huenda kinyume. Huondoka kiwandani ikiwa na jina la kiwanda kwenye gunia, ikafika mnada wa Mombasa, ikanunuliwa, ikachanganywa na chai za nchi nyingine. Inapomiminwa kikombeni London au Karachi, jina limekwisha kupotea. Basi ni wapi jina hilo linaweza kutajwa kwa kituo, kama si pale pale shambani?

Hebu tuchukue kiwanda cha Kapkoros kule Bomet, ambacho ni cha wakulima wadogo chini ya KTDA. Kiambishi kap- katika Kikalenjin hufanya kazi inayokaribiana na ya “kwa” yetu tunaposema kwa fulani. Koros ni sadaka. Kapkoros basi palikuwa mahali pa jamii kukusanyika kumwomba Asis, Mungu anayehusishwa na jua. Leo jina hilo limechapwa kwenye magunia ya chai, na wengi wanaoyabeba hawalifikirii tena.

Kabla ya chai, mgeni hapa alikaribishwa kwa mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kinachoitwa sotet baada ya kusuguliwa ndani kwa makaa ya senetwet. Wazee nao walikuwa na kipketinik, kileo cha asali. Kwa hiyo hata tukitaka kujilinganisha na watu wa mvinyo, tulikuwa na wetu. Chai ilipofika, Wakipsigis waliipokea hadi katika sarufi wakaiita chaiik. Neno hilo lilikuwa limetoka China likiwa cha, likapitia Uajemi na India, likatufikia sisi Waswahili likiwa chai.

Lakini chai yenyewe haikufika kama mgeni wa kubisha hodi. Ilipandwa Limuru mwaka 1903. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za Kericho kwa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa katika Vita Vikuu vya Kwanza, ili wapande kitani. Mradi ule ulianguka. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia, na vilima vikavaa kijani tunachokisifu. Mwaka 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho waitwao orkoiik. Mamia yao walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, nchi ya mbung’o na mbu. Madai yao ya ardhi na fidia yangali hai: mwaka 2022 yalifikishwa katika Mahakama ya Haki za Kibinadamu ya Ulaya.

Najua pingamizi itakayotolewa. Ati mgeni amekuja kustarehe, kwa nini umchoshe na machozi? Nalijibu kwa mfano wa Afrika Kusini. Karibu na Franschhoek, shamba la mvinyo la Solms-Delta lilianzisha makumbusho yaitwayo van de Caab. Hilo ni jina walilopachikwa watumwa waliozaliwa Rasi, maana yake “wa Rasi”, kana kwamba hawakuwa na baba wala ukoo. Shamba lilichukua jina la aibu likalifanya mlango wa kuingilia historia yake.

Sisi pia tuna msamiati wa kuonyesha. Kipande, nyapara, kambi: haya ni maneno ya Kiswahili yaliyobeba uchungu wa vibarua. Na ni Kiswahili hicho hicho kilichowawezesha Abagusii, Waluo, Waluhya na Wakipsigis kuelewana kwenye mistari ya michai. Ujuzi wa mikono yao nao unayoyoma. Mei 2023 mashine za kuchuna chai ziliteketezwa Kericho na watu waliokasirikia kupotea kwa ajira. Anayetaka kuhifadhi msamiati wa wachunaji na awahi.

Si majonzi matupu vilevile. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi Kapkatet nyimbo za Wakipsigis kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu, nusu paa. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika vijijini. Wakipsigis walilitamka kwa namna yao, wakamfanya wao. Ni mtalii gani hangependa kuisikia hadithi hiyo akinywa chai Kapkatet kwenyewe?

Kaunti zote mbili zina wazee wanaojua na vijana wanaotafuta kazi. Wakutanishwe. Mzee alipwe kwa maarifa yake kama anavyolipwa mpishi wa hoteli, na simulizi ya Gwassi isimuliwe na Watalai wenyewe, wala si na ofisi ya matangazo.

Tulipokuwa tukiagana, kijana yule alimpigia simu nyanyake. Walizungumza kwa muda. Alipokata, alitoa kalamu mfukoni, akaigeuza ile karatasi yake, akaanza kuandika upande usio na maandishi.