Daftari Bila Mali

Wahenga walituusia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Ujanani nilikuwa mtunza ghala, na usia huo niliushika. Mkaguzi alipokuja bila taarifa nilinuna, nikidhani nashukiwa wizi. Siku moja tulihesabu magunia pamoja, yakapungua sita. Sikuyaiba, wala sikujua kuwa yameibwa. Daftari langu lilikuwa safi kabisa.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za McKesson & Robbins, kampuni ya dawa ya Marekani. Rais wake, F. Donald Coster, kwa hakika alikuwa Philip Musica, mtu aliyekwisha kufungwa kwa udanganyifu. Yeye na ndugu zake, waliojificha humo kwa majina ya bandia, waliandika hati za dawa zilizosemekana zimo katika maghala ya Kanada. Wakaguzi walilinganisha karatasi kwa karatasi, wakaridhika. Desturi haikuwalazimu kwenda ghalani. Mwaka 1938 mweka hazina, Julian Thompson, akaanza kuuliza: bidhaa hizi ziko wapi hasa? Ikabainika kwamba katika mali ya dola milioni 87, kiasi cha milioni 19 hakikuwapo. Coster akajiua Desemba ile.

Mwaka 1939 wahasibu wa Marekani wakaweka kanuni: mkaguzi ashuhudie bidhaa zikihesabiwa, na wadaiwa waulizwe wenyewe.

Basi, msomaji, usingoje harufu ya wizi ndipo ufungue ghala. Mtunza ghala mwaminifu ndiye wa kwanza kunufaika.