Ngao ya Anga na Vita vya Kagera



Mwezi Juni 2025, Israeli na Iran zilipokuwa zikirushiana makombora kwa muda wa siku 12, baadhi ya vijana wa kambi ya JKT wanaosali nasi hapa Chita walitusubiri baada ya Misa wakatuuliza: je, nchi yetu nayo inayo ngao ya kuzuia makombora? Swali hilo ni la haki kwa mtu anayejifunza kulinda taifa. Jibu la kijeshi hatuna, wala si kazi yetu kulitoa. Lakini tuliwakumbusha kwamba Tanzania imewahi kupigwa kutoka angani, na kwamba yaliyotokea wakati ule yanastahili kutafakariwa na kila mtu anayeweka tumaini lake lote katika mitambo.

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka nchi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na punde Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo ni ya Uganda. Alidai kuwa Tanzania ndiyo iliyoanza uvamizi. Kumbe siku zile zile askari wake mwenyewe walikuwa wamemwasi! Mtawala aliyeshindwa kuituliza nyumba yake alihitaji adui nje ya ua, naye akamtafuta. Hata hivyo tusidhani kwamba kila tishio linalotangazwa na wakubwa ni la kubuni. Ndugu zetu wa Kagera waliuawa, mali na ng'ombe wao wakaporwa, daraja la Kyaka likabomolewa. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki mwenzetu aliyependa kuhudhuria Misa kila siku, alipoliambia taifa kuwa tunayo sababu, uwezo na nia ya kumpiga Amin, sababu hiyo ilikuwa ya kweli.

Miongoni mwa silaha za jeshi letu yalikuwemo makombora madogo ya Kirusi aina ya SAM-7, ambayo askari mmoja huyarusha kutoka begani. Kombora hilo lina kifaa kinachotambua joto. Likisharushwa huifuata injini ya ndege iliyo moto mpaka liifikie. Kwa makombora hayo na mizinga ya kutungulia ndege, walinzi wetu waliziangusha ndege kadhaa za Amin. Lakini joto la injini halina bendera, na jicho la mwanadamu aliyejaa hofu nalo halioni bendera. Katika vita hivyo hivyo askari wetu walizitungua kwa makosa ndege za jeshi letu wenyewe, wakiamini kuwa ni za adui. Hatuwalaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nao walikuwa wameumwa kweli.

Mwishoni mwa Machi 1979, jeshi letu likiwa limekwisha kuikaribia Kampala, Kanali Muammar Gaddafi wa Libya, aliyekuwa akimsaidia Amin, aliipa Tanzania saa 24 iondoe majeshi yake Uganda. Mwalimu hakuyaondoa. Tarehe 29 Machi ndege ya Libya aina ya Tupolev iliruka hadi Mwanza ikiyalenga matangi ya mafuta. Ilikosa shabaha kabisa! Silaha zake zikaangukia kisiwa cha Saanane, palipokuwa na hifadhi ya wanyama, na waliokufa ni swala. Mji wa Mwanza ulisalimika siku ile kwa sababu mpigaji alikosa, si kwa sababu ya ngao yoyote. Kombora la begani huzifikia tu ndege zirukazo chini. Siku tatu baadaye, tarehe 1 Aprili, Dominika ya tano ya Kwaresima, ndege zetu zilikwenda kupiga Kampala, Jinja na Tororo.

Wala hatuna budi kulificha la Mutukula. Mwezi Januari 1979 askari wetu, wakiwa na uchungu wa Kagera, waliubomoa mji ule wa mpakani na kuwaua raia. Mwalimu alisikitika, akaagiza raia wasiguswe tena. Agizo hilo tunalihesabu kuwa ulinzi wa taifa sawasawa na kombora lolote.

Mataifa makubwa yaliijua hatari ya ngao tangu zamani. Mwaka 1972 Marekani na Muungano wa Kisovieti zilitia saini mkataba wa kuwekeana mipaka katika mitambo ya kuzuia makombora, kwa kuwa ngao ya mmoja humsukuma mwenzake aongeze mishale. Machi 1983 Rais Ronald Reagan akatangaza mpango wake wa ngao ya angani, na mwaka 2002 Marekani ikajitoa katika mkataba ule. Ni kweli kwamba mitambo ya siku hizi ni hodari kuliko ile ya 1979, na imeokoa maisha. Nani atalikana hilo mbele ya mama ambaye mwanawe yu hai? Lakini anayeiamuru ni mtu, naye huamua kwa kadiri ya kile alichofundishwa kukiogopa.

Mtakatifu Yohane wa XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa Alhamisi Kuu, tarehe 11 Aprili 1963, alifundisha kwamba amani ya kweli husimama juu ya kuaminiana, si juu ya usawa wa silaha. Miaka 16 baadaye, tarehe ile ile, Jumatano ya Juma Kuu, Kampala ilianguka, na Amin alikuwa mkimbizi. Wazazi wetu walishangilia. Kisha Mwalimu akawaomba wafunge mikanda kwa miezi 18; miezi hiyo ikapita, na foleni za sabuni na sukari zikabaki palepale.

Kijana mmoja kati ya wale wa JKT alituuliza mwishoni kama ni halali kwa Mtanzania kuwaombea Walibya waliokufa Lukaya. Tulimjibu kwamba Misa ya asubuhi ya Jumatano ijayo ingekuwa kwa nia ya marehemu wote wa vita vile: wa Kagera, wa Mutukula, mashujaa wetu waliolala Kaboya, na Walibya hao pia. Yeye ndiye aliyesoma somo la kwanza.