Bustani ya Sanamu ya Socrates

Bustani ya Sanamu ya Socrates ni uwanja wa umma wa ekari tano hivi huko Long Island City, eneo la Queens, jijini New York, Marekani. Iko ukingoni mwa East River, ambao ingawa huitwa mto ni mkono wa bahari, wenye maji ya chumvi yanayojaa na kupwa. Ufuo huo zamani ulikuwa wa viwanda, maghala na magati. Shughuli zilipokufa, kipande hiki kiliachwa ukiwa, watu wakakifanya jaa la kutupia taka kinyume cha sheria.

Mwaka 1986 mchongaji Mark di Suvero, ambaye karakana yake ilikuwa jirani, aliungana na wasanii wenzake na wakazi wa mtaa. Waliondoa taka na kusimamisha sanamu. Jina la Socrates lilimuenzi mwanafalsafa huyo pamoja na Wagiriki wengi wa Astoria, mtaa wa karibu.

Huwezi kuielewa bustani hii bila kumjua di Suvero. Alizaliwa Shanghai, China, mwaka 1933, wazazi wake wakiwa Waitalia. Familia ikahamia California mwaka 1941, na huko Berkeley akasomea falsafa. Mwaka 1960 ajali ya lifti ilimvunja mgongo. Akajifunza kuchomelea vyuma akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na baadaye akatembea tena. Sanamu zake kubwa ni mihimili ya chuma kama ile ya madaraja, iliyokatwa kwa moto, nyingine zikiwa na sehemu ya juu inayoning'inia na kuzunguka upepo ukivuma. Fundi wa jua kali wa Bokoli au Kitale angetambua mara moja ni wapi pamechomelewa na kwa nini pengine pametiwa bolti: kiungo cha bolti hufunguliwa, mhimili ukapakiwa kwenye lori na kwenda kusimamishwa kwingine.

Na sanamu za hapa kweli huondoka. Maonyesho hubadilishwa, na wasanii chipukizi hupewa ruzuku na nafasi ya kutengeneza kazi papo hapo, wapita njia wakitazama. Kuingia ni bure mwaka mzima. Huu ndio ubora mkubwa wa mahali hapa: mtoto wa mtaani huiona sanamu ikiundwa, kelele na cheche zake zote, kabla hajaiona imekamilika.

Magharibi mwa Kenya malighafi ya bustani ya namna hii ipo. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper huko Webuye, jirani na mto Nzoia, kilisimama mwaka 2009 na kuuzwa mwaka 2016. Vyuma chakavu na welda havijapungua mjini. Wachongaji tunao pia: Elkana Ong'esa wa Tabaka, Kisii, alichonga ndege wa mawe aliyewekwa makao makuu ya UNESCO, Paris.

Ugumu huwa kwenye ardhi. Kwa miaka kadhaa bustani ya Socrates ilikuwa na kibali cha muda tu, na taka zilipokwisha kuondolewa, mwekezaji akaitaka ajenge nyumba za kifahari na gati la mashua za starehe. Mwaka 1998 Meya Rudolph Giuliani aliipa hadhi ya kudumu ya bustani ya jiji.