Daftari la Mishahara na Mikono Iliyolishika

Kampuni ndogo ya uhasibu inapokubali kumwandalia mteja mishahara ya wafanyakazi wake, mara nyingi huichukulia kazi hiyo kuwa kiambatisho cha huduma nyingine: hesabu za mwisho wa mwezi, makato, ritani, kisha ankara. Historia ya Afrika Mashariki inatufundisha kuwa kazi hii ni nzito kuliko hivyo. Kwa zaidi ya miaka 100, orodha ya mishahara imekuwa ushahidi mkuu, na mara nyingi ushahidi pekee, kwamba mtu fulani alifanya kazi na ana haki yake. Aliyeishika orodha ndiye aliyeamua nani alipwe na nani asahauliwe. Nasema kwamba kila hatua ya maana katika ulipaji wa mishahara ilikuja pale mkono mwingine ulipopewa nakala ya orodha, na kwamba mhasibu anayefanya kazi hii kwa niaba ya wengine ana jukumu moja kubwa: kuhakikisha nakala zote zinasema jambo lilelile, na jambo hilo liwe kweli.

Tuanze na hasara iliyo kubwa kuliko zote. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza lililopigana na Wajerumani katika ardhi hii lilibebewa risasi, chakula na majeruhi na wapagazi wa Carrier Corps, wale walioacha jina lao Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi zaidi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Vita vilipokwisha, sehemu kubwa ya mishahara yao ilibaki bila mwenye kuidai. Majina yalikuwa yameandikwa ovyo, vijiji havikutajwa au vilikosewa, na kumbukumbu za vifo hazikulingana na za malipo. Oscar Watkins, aliyekuwa amewaongoza wapagazi hao, na John Ainsworth, ofisa mkuu wa utawala nchini Kenya, walidai kwamba kama wenyewe na warithi wao hawapatikani, basi fedha hizo ziwafae watu wa maeneo walikotoka. Madai hayo yalikataliwa. Nakala ilikuwa moja tu, mikononi mwa jeshi, na ilipokosewa hapakuwa na nyingine ya kuisahihisha. Familia iliyompoteza baba haikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba alikuwa akidai.

Mtu anaweza kujibu kwamba muda si mrefu baadaye mfanyakazi alipewa karatasi yake mwenyewe. Ni kweli, na karatasi hiyo iliitwa kipande. Sheria ya Kenya ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa zaidi ya miaka 16 alitakiwa kubeba hati yenye alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na kuacha kazi, na kiwango cha mshahara. Wengi waliining'iniza shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Lakini aliyeibeba hakuwa na ruhusa ya kuandika chochote ndani yake, na wengi hawakuweza kuisoma. Mwajiri ndiye aliyeandika mshahara, na mwajiri ndiye aliyetia saini ya kumwachia. Bila saini hiyo mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na akiondoka alishtakiwa kwa utoro. Ndiyo maana Harry Thuku, mwanasiasa wa Kenya, alipopaza sauti mwaka 1921 na 1922, kipande kilikuwa katika orodha ya malalamiko pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Watu walielewa vizuri kwamba daftari linaloandikwa na upande mmoja ni pingu, hata likining'inia katika shingo ya upande wa pili.

Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika mambo yalikuwa vivyo hivyo, ingawa kipande cha huko kilikuwa kadi ya kazi. Kadi ilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi. Mfanyakazi akimaliza kiasi alichopangiwa na mnyapara akaridhika, siku yake iliwekewa alama. Mnyapara asiporidhika, jasho la siku nzima halikuingia kwenye hesabu. Mshahara ulitolewa kadi ilipojaa, si mwezi ulipokwisha, kwa hiyo ugonjwa au mvua vilisogeza mbele siku ya kulipwa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya pamoja ya kuandikisha vibarua, ambayo iliwaleta kutoka mbali vibarua wa mikataba, walioitwa manamba. Utaratibu wa makaratasi ulikuwa mzuri kuliko ule wa jeshi la 1914. Hata hivyo kalamu ilibaki kwa mwajiri, na mgogoro juu ya siku iliyokataliwa uliamuliwa na watu walewale walioikataa.

Mkono wa pili uliokuja kushika nakala ulikuwa wa serikali, na haukuja kwa huruma. Vita vya Pili vilizilazimu nchi tajiri kukusanya kodi kwa watu wengi kwa haraka. Marekani ilianza kukata kodi moja kwa moja kwenye mishahara mwaka 1943, na Uingereza ikaanzisha utaratibu kama huo, PAYE, mwezi Aprili 1944. Kwa siku moja mwajiri mwenye wafanyakazi kumi akageuka mkusanya kodi asiyelipwa. Hapo ndipo kazi ya kuandaa mishahara kwa niaba ya wengine ilipopata soko lake. Mwaka 1949, Henry Taub, mhasibu kijana wa Paterson, New Jersey, alianzisha Automatic Payrolls ili kuyafanyia kazi hiyo makampuni madogo yasiyo na karani wa kutosha. Ndiyo kampuni ambayo leo inaitwa ADP. Nchini Uingereza, J. Lyons, kampuni ya chai na keki, ilikuwa ikitumia kompyuta yake ya LEO kukokotoa mishahara ya wafanyakazi wake kufikia mwaka 1954, na baadaye ikafanya hivyo kwa kampuni ya Ford pia.

Kwetu, uhuru uliongeza mkono wa tatu: mfuko wa akiba ya mfanyakazi. Tanzania ilianzisha NPF mwaka 1964, ambayo baadaye ikawa NSSF. Kenya ilipitisha sheria ya NSSF mwaka 1965. Sasa mwajiri alitakiwa kukata, kuongeza sehemu yake, na kupeleka kwa jina na namba ya kila mtu. Kisha sheria za kazi zikamkumbuka mwenye jasho: Tanzania mwaka 2004 na Kenya mwaka 2007 ziliagiza apewe maelezo ya maandishi ya mshahara wake na makato yake. Sheria hizo zilikwenda mbali zaidi. Mgogoro ukifika mbele ya msuluhishi au mahakama na mwajiri akashindwa kutoa maandishi ya masharti ya ajira, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Watoto wa mpagazi wa 1917 wangelikuwa na sheria hiyo, jeshi ndilo lingelazimika kujieleza.

Je, nakala nyingi zinatosha? Hapana, na Tanzania ililiona hilo mwaka 2016, uhakiki wa watumishi wa umma ulipofichua wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000. Mishahara yao ilikuwa ikiandaliwa, ikiidhinishwa na kulipwa kila mwezi. Orodha ilikubaliana na orodha, lakini haikukubaliana na watu walioko kazini. Somo ni kwamba ukaguzi wa mishahara hauanzii kwenye jumla. Unaanzia kwenye jina.

Kutokana na historia hii, kampuni ndogo ya uhasibu inaweza kujua nini cha kufanya bila kusubiri programu ya bei ghali. Kabla ya tarehe iliyokubaliwa, mteja alete kwa maandishi na kwa saini mabadiliko ya mwezi: aliyeajiriwa, aliyeondoka, aliyepandishwa, saa za ziada. Tofauti kati ya jumla ya mwezi uliopita na ya mwezi huu ielezwe jina kwa jina hadi ibaki sifuri. Anayeandaa asiwe anayeidhinisha. Fedha zitoke benki ya mteja moja kwa moja, zisipite kwenye akaunti ya kampuni. Kila mfanyakazi apate hati yake ya mshahara, na jumla ya hati hizo ilingane na malipo ya benki, ritani ya PAYE na michango ya mfuko. Tarehe zinabana: nchini Kenya PAYE hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, nchini Tanzania ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Viwango navyo havitulii. Nchini Kenya pekee, mwaka 2024 ulileta sheria mpya ya tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 na mchango wa afya wa asilimia 2.75 badala ya ule wa zamani wa bima ya afya, NHIF.

Wapo wanaosema kazi hii haina faida, na siku hizi programu inakokotoa kila kitu. Kukokotoa kweli kumekuwa rahisi. Lakini programu hukokotoa kwa uaminifu uleule mshahara wa mtu aliyepo na wa mtu hewa. Kinacholipiwa ni uthibitisho. Wengine husema mwenye wajibu kisheria ni mwajiri, mhasibu ni wakala tu. Ni sawa mbele ya mamlaka ya kodi, ila mfanyakazi anayefika kustaafu na kukuta miezi mitupu katika akaunti yake ya NSSF hasaidiwi na tofauti hiyo, na mhasibu aliyeona michango haijapelekwa akanyamaza ameshiriki. Pingamizi lenye uzito zaidi linahusu ukaguzi: aliyeandaa mishahara hawezi kuja kuikagua kwa macho mapya. Hili lina ukweli, na jibu lake ni kuchagua. Kampuni isiyoweza kutenganisha kazi hizo mbili ichukue moja na kuiacha nyingine, hata kama mteja angependa kumaliza yote mlango mmoja.

Kwa karne nzima, karani wa mishahara alikuwa mtu wa mwajiri. Kampuni ya nje ndiyo ya kwanza kukaa katika kiti hicho ikiwa na taaluma yenye maadili yake na bodi inayoweza kuiwajibisha. Hulipwa na mwajiri, lakini maandishi yake yatasomwa na mamlaka ya kodi, mfuko wa hifadhi, mahakama na mfanyakazi mwenyewe. Ikikubali kwamba inawaandikia wote hao, itastahili ada yake. Ikijiona karani wa upande mmoja, itakuwa imerudisha kipande kwa njia ya kompyuta.