Vidole viwili vya Ayivu: tachipadi ilivyojifunza kutoka kwa simu

Mpe laptopu kijana wa Oluko au Adumi, huko Ayivu, Arua, nchini Uganda, aliyekulia kwenye simu ya kupangusa, na mara nyingi atanyoosha kidole kugusa kioo. Kioo hakijibu. Mwenye laptopu atamwelekeza kwenye kile kibao kidogo chini ya herufi, tachipadi, na kijana ataweka vidole viwili na kusukuma ukurasa kana kwamba amefanya hivyo miaka yote. Hakuna aliyemfundisha, maana mkono ulikwisha jifunza kwenye simu. Kihistoria, mambo yalitokea kinyume: laptopu ndiyo iliyotangulia, na ilichukua miaka mingi kabla haijaelewa kidole cha pili.

Mmarekani George Gerpheide alibuni tachipadi ya kisasa mwaka 1988. Haihitaji kukandamizwa, chini ya uso wake kuna nyaya nyembamba zinazohisi jinsi ngozi inavyobadilisha umeme uliopo pale. Mwaka 1994 Apple waliiweka kwenye PowerBook 500, nayo ikaanza kufukuza ile mipira midogo iliyokuwa ikizungushwa kwa kidole gumba. Ila ilikuwa na akili ya kidole kimoja tu. Kuushusha ukurasa wa wavuti, ilibidi ukimbize mshale hadi pembeni ya dirisha ukashike kile kipande chembamba cha kuburuta.

Wazo la vidole vingi halikukosekana. Nimish Mehta alilifanyia kazi katika Chuo Kikuu cha Toronto mapema miaka ya 1980. Hata huko CERN, Uswisi, ambako Tim Berners-Lee alipendekeza wavuti mwaka 1989, mafundi wa miaka ya 1970 walikuwa wakiendesha mitambo kwa vioo vya kugusa vilivyotengenezwa na Bent Stumpe na Frank Beck. Wavuti na mguso viliwahi kukaa boma moja, kisha vikaishi mbalimbali kwa miongo.

Aliyevikutanisha mezani alikuwa mgonjwa wa mikono. Wayne Westerman, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Delaware, aliumwa mikono kwa sababu ya kuchapa, akatafuta uso usiodai nguvu yoyote. Pamoja na mwalimu wake John Elias alianzisha kampuni ya FingerWorks mwaka 1998, na mwaka uliofuata akawasilisha tasnifu yake kuhusu namna ya kufuatilia vidole vingi kwa pamoja. Wakauza kibodi bapa isiyo na vitufe vya kubonyea na vibao vilivyotambua ishara za mkono. Wateja wao wakubwa walikuwa watu wenye maumivu kama yake. Mwaka 2005 Apple waliinunua kampuni, bidhaa zikakoma, na wagonjwa hao wakabaki wakitafuta vibao vilivyotumika. Mimi naiona sehemu hii kuwa ndiyo ya haki zaidi kukumbukwa, kwa kuwa matangazo yaliyofuata yalizungumzia urembo tu.

Kuanzia hapo mwendo ukawa wa kasi. Mwaka huohuo wa 2005, PowerBook zilianza kushusha kurasa kwa vidole viwili. Simu ya iPhone ikatangazwa Januari 2007. Mwaka mmoja baadaye MacBook Air ilileta kubana na kupanua kwa vidole viwili, na kupangusa kwa vitatu ili kurudi ukurasa uliopita. Mwaka 2011 toleo la Lion la mfumo wa kompyuta za Mac lilifanya jambo lililowaudhi wengi: liligeuza mwelekeo, ukurasa ukawa unafuata kidole kama kwenye simu. Wazee wa kipanya walilalamika. Lakini kwa mtu wa Arua aliyeanza na simu hapakuwa na la kusahau. Kompyuta ndiyo iliyokuja kumfuata yeye.

Kwa nini katika West Nile, eneo la Arua, simu ilitangulia? Umeme ni sababu mojawapo. Kwa miaka mingi eneo hili halikuunganishwa na gridi ya taifa. Kampuni ya WENRECO ilianza kulihudumia mwaka 2003 kwa jenereta, na bwawa la Nyagak la megawati 3.5 likazinduliwa mwaka 2012. Simu huchajiwa kwa kipande kidogo cha sola. Laptopu haikubali kubembelezwa hivyo. Chuo Kikuu cha Muni, cha kwanza cha umma West Nile, kilianzishwa mwaka 2013, na masomo ya kompyuta yakawa miongoni mwa nguzo zake. Wakati Arua ilipopandishwa kuwa jiji Julai 2020 na Ayivu kuwa mojawapo ya divisheni zake mbili, kupangusa hakukuwa habari tena kwa yeyote.

Umeme bado una neno lake. Chaja isiyo na waya wa ardhi, au soketi ambayo tundu lake la tatu halijaunganishwa na kitu, huvuruga hisia za tachipadi: mshale unarukaruka, ukurasa unajibana wenyewe. Watu hudhani ni virusi. Ukichomoa chaja na mshale ukatulia, virusi hawana kosa.

Kisa kingine ni cha Windows. Zamani kila mtengenezaji alikuwa na programu yake ya kuelekeza tachipadi. Microsoft walianza kuweka kanuni moja kwa Windows 8.1, mwaka 2013. Ndiyo maana laptopu ya zamani ikipelekwa kwa fundi akaipiga Windows upya bila kurudisha programu ya mtengenezaji, vidole viwili hufa na kubaki mshale peke yake.

Na kurudi nyuma kwa vidole si anasa. Mara nyingi kivinjari huuonyesha ukurasa uliokwisha hifadhiwa badala ya kuupakua tena, na nchini Uganda bando hutozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021.

Kwa hiyo, unayenunua laptopu iliyotumika, iwe Arua au Koboko, usilipe kabla hujafungua ukurasa mrefu papo hapo dukani. Ushushe kwa vidole viwili, uubane, urudi nyuma, kwanza ukiwa na chaja, halafu bila chaja. Ikigoma, mtake muuzaji airudishe programu ya tachipadi mbele yako, au apunguze bei.