SPF50+ PA++++: Kuisoma kwa Kiswahili Losheni Nyepesi ya Korea

Losheni nyingi za Korea Kusini za kukinga jua zimeandikwa SPF50+ PA++++. Relief Sun ya kampuni ya Beauty of Joseon, yenye dondoo ya mchele, ina maandishi hayo. Hyalu-Cica Water-Fit Sun Serum ya Skin1004 inayo, na Watery Sun Gel ya Isntree inayo vilevile. Namba inapokuwa ileile kila mahali, mnunuzi anayetafuta ya kupaka mwili mzima hana budi kuangalia jambo jingine: namna losheni inavyokaa kwenye ngozi. Huko si kuiacha SPF kando. Namba hiyo hupima utando unaobaki juu ya ngozi baada ya kupaka, na utando ukiwa mwembamba, kinga nayo hushuka.

Kifupisho SPF (Sun Protection Factor) kilizaliwa Ulaya. Mwaka 1956 Mjerumani Rudolf Schulze alipendekeza njia ya kulinganisha ngozi iliyopakwa dawa ya jua na ngozi isiyopakwa. Franz Greiter, mkemia wa Austria aliyekuwa pia mpanda milima, akaiendeleza njia hiyo na kuieneza kwa jina la SPF katika miaka ya 1970. Mwaka 1978 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaanza kuitumia. Msingi wa upimaji haujabadilika sana tangu hapo. Sehemu ya mgongo wa mtu aliyejitolea hupakwa losheni kwa kipimo cha miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba, sehemu nyingine huachwa wazi, kisha zote humulikwa kwa taa inayoiga jua. Baadaye hutazamwa ni kiasi gani cha mwanga kilicholeta wekundu wa kwanza kila upande. Ngozi iliyopakwa ikivumilia mwanga mara 30 ya ule ulioifanya ngozi tupu kuwa nyekundu, losheni hupewa SPF 30.

Kwa hiyo SPF ni namba ya kuzidishia. Hesabu yake hugeuzwa kwa urahisi: moja ikigawanywa kwa namba hiyo, jibu ni sehemu ya miale ichomayo inayopenya. SPF 15 hupitisha takriban asilimia 7, SPF 30 asilimia 3 na kidogo, SPF 50 asilimia 2. Anayedhani kwamba 50 ni nusu ya kinga, au kwamba 60 ina nguvu maradufu ya 30, ameisoma namba kwa kanuni isiyo yake. Hata hesabu ya dakika haifai. Kinachozidishwa ni kiasi cha miale, na saa moja ya adhuhuri huleta miale mingi kuliko saa nzima ya asubuhi na mapema.

Hapo ndipo tafsiri inapohitaji uangalifu. Anayeandika “kiwango cha SPF” humpa msomaji picha ya ngazi au ya asilimia, nayo ndiyo picha inayozaa kosa hilo. “Kipimo cha kinga ya jua” ni afadhali, ila “kinga ya jua” ina utata mdogo: yaweza kusomeka kama kinga inayoletwa na jua. “Kinga dhidi ya jua” haina shaka hiyo. Kwa kitabu cha kemia au waraka wa maabara, jina linaloeleza kazi ya namba hii kwa usahihi zaidi ni “kizidishi cha kinga dhidi ya jua”. Dukani na kwenye boksi, “kipimo cha kinga” kinatosha, mradi herufi SPF zibaki pembeni yake ili mteja asipotee.

Bidhaa yenyewe ina majina kadhaa: mafuta ya jua, losheni ya jua, krimu ya kukinga jua. Neno mafuta limezoeleka mno Afrika Mashariki, kwa kuwa karibu kila kinachopakwa mwilini baada ya kuoga huitwa hivyo, hata kisicho na mafuta mengi. Lakini neno hilo huja na desturi yake. Mafuta huchotwa kidogo, husuguliwa viganjani, na kusambazwa mpaka ngozi ing’ae. Anayepaka dawa ya jua kwa mkono huo huibakizia ngozi sehemu ndogo tu ya kinga iliyoandikwa kwenye tyubu. Losheni ni neno salama zaidi, na jeli za Korea zenye maji mengi zinastahili kuitwa jeli.

Na jua linalokingwa hapa ni lipi? Si joto, wala si mwanga unaoonekana. Jina rasmi la bidhaa hizi kwa Kikorea ni jaoeseon chadanje. Sehemu ya kwanza, jaoeseon, imejengwa kwa maneno matatu: zambarau, nje, mwale. Kiswahili kilifika mahali hapohapo kwa njia yake chenyewe, kikachukua urujuani, rangi ya mwisho ya upinde wa mvua, kikaongeza -mno, tukapata urujuanimno. Miale hiyo hugawanywa zaidi. UVB ndiyo inayochoma na kuleta wekundu, na SPF huipima hiyo hasa. UVA huenda ndani zaidi ya ngozi, huchangia makunyanzi na madoa, na sehemu yake kubwa hupenya kioo cha dirisha la gari.

PA imewekwa kwa ajili ya UVA. Mfumo huu ulianzishwa na chama cha viwanda vya vipodozi cha Japani mwaka 1996 ukiwa na alama tatu za kujumlisha; ya nne iliongezwa Japani mwaka 2013, na Korea ikaifuata. Alama moja ina maana kwamba kinga dhidi ya UVA imefika mara 2, mbili mara 4, tatu mara 8, nne mara 16 au zaidi. Kila alama hukusanya namba nyingi ndani yake, kwa hiyo hapa neno “daraja” linafaa kabisa: daraja la kinga dhidi ya UVA. SPF ni kizidishi, PA ni daraja. Anayetafsiri maelezo ya losheni ya Korea anahitaji maneno mawili tofauti.

Wepesi nao una msamiati wake. Wanunuzi wa Korea huuliza kwanza kuhusu baektak, yaani weupe wa ukungu unaobaki usoni baada ya kupaka. Kiswahili kina neno linaloifaa hali hiyo kwenye ngozi nyeusi: kupauka. Losheni isiyofaa huiacha ngozi imepauka, ya kijivu, kama ya mtu aliyetembea kwenye vumbi. Jambo la pili ni kunata. Yote mawili huhusiana na vichujio, yaani viambato vinavyozuia miale, na kwa hivyo Wakorea hupanga losheni zao katika makundi matatu kwa vifupisho vya mitaani: mugijacha ni zile zenye vichujio vya madini, yugijacha ni zenye vichujio vya kikaboni, na honhapjacha ni mchanganyiko. Vichujio vya madini ni zinki oksaidi na titani daioksaidi, unga mweupe ambao husemwa kuakisi miale ingawa kwa sehemu kubwa huifyonza. Unga huo ndio chanzo kikuu cha kupauka. Mwenye ngozi nyeusi anayetaka losheni ya mwili isiyoonekana ataanzia kwenye yugijacha.

Wepesi wa yugijacha za Korea unatokana pia na sheria. Huko dawa ya jua huhesabiwa kuwa kipodozi chenye kazi maalumu, chini ya Wizara ya Usalama wa Chakula na Dawa. Marekani huiweka katika kundi la dawa, na kwa miongo miwili na zaidi viwanda vya huko vilibaki na orodha ya vichujio vya zamani. Korea, kama Ulaya, iliruhusu mapema vichujio kama bemotrizinoli, ambayo hufyonza UVA na UVB kwa pamoja na haivunjikivunjiki upesi juani. Kichujio chenye nguvu kikitumika kidogo, huacha nafasi ya maji, alkoholi na silikoni nyepesi, na hivyo ndivyo jeli inavyopotea kwenye ngozi ndani ya dakika chache. Alkoholi hiyo, hata hivyo, inaweza kuwasha ngozi yenye ukurutu au iliyonyolewa punde. Mwenye ngozi ya namna hiyo atachagua krimu isiyo na alkoholi hata kama ni nzito kidogo.

Sasa mwili. Mtu mzima wa wastani ana ngozi ya mita za mraba 1.7 hivi. Kwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, anahitaji gramu 34 kwa kupaka mara moja tu. Kwa lugha ya jikoni ni vijiko saba vya chai: kimoja cha uso na shingo, kimoja kwa kila mkono, kimoja kwa kila mguu, kimoja cha kifua na tumbo, kimoja cha mgongo. Relief Sun na nyingine nyingi zilizopata umaarufu huja katika tyubu ya mililita 50. Tyubu hiyo haitoshi kupaka mwili mzima mara mbili.

Tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba watu hupaka nusu ya kiasi cha maabara, au chini ya hapo. Sababu moja iko wazi kwa yeyote aliyewahi kupaka dawa nzito ya jua mapajani wakati wa joto la Mombasa au Muscat: inanata, inashika nguo, inaiacha ngozi imepauka, na mkono unakuwa mzito kuongeza. Wepesi kwa hiyo ni sehemu ya kinga. Losheni ambayo mtu anaweza kuipaka vijiko saba bila kuichukia ndiyo inayomfikisha karibu na namba iliyoandikwa. Ikiwa ni nyepesi lakini ghali kiasi cha kuihesabu matone, faida hiyo imepotea. Mwenye kutembea katika fulana na suruali anaweza kubaki na jeli ya tyubu ndogo, kwa kuwa nguo zimeshamfunika sehemu kubwa. Mwogeleaji atafute chupa kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya mwili. Kijiti cha kupakia kinafaa masikio na pua, lakini ni vigumu kutoa kiasi cha kutosha kwa mguu mzima.

Boksi la Kikorea lina maneno machache yanayolipa kuyajua. Naesuseong ni kustahimili maji; jisok naesuseong ni kustahimili maji kwa muda mrefu zaidi. Jeli nyingi nyepesi za kila siku hazina neno lolote kati ya hayo, na hizo si za kuogelea. Tarehe huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Ikifuatwa na 까지, ni siku ya mwisho ya kutumia. Penye 제조 ni siku ya kutengenezwa. Kuchanganya maneno haya mawili humfanya mtu aitupe losheni nzima, au ainunue iliyopitwa na muda.

Namba nayo imewahi kupotosha. Mwishoni mwa 2020, losheni ya Purito iliyopendwa sana, Centella Green Level Unscented Sun, iliyoandikwa SPF50+, ilipimwa katika maabara Ulaya ikaonekana kuwa karibu na 19. Kampuni iliiondoa sokoni. Tukio hilo liliwafanya wanunuzi wengi, ndani na nje ya Korea, waanze kudai matokeo ya vipimo. Kampuni inayoonyesha ripoti yake, au iliyopima tena katika maabara huru, inastahili kupewa uzito kuliko ile inayosifu harufu na kopo.

Kuna jambo jingine ambalo SPF haisemi. Wekundu unaotafutwa maabarani huonekana vizuri kwenye ngozi nyeupe, na ni kwenye ngozi hizo kipimo hufanyika. Utafiti wa Marekani wa 1979, unaonukuliwa hadi leo, ulikadiria kinga ya asili ya ngozi nyeusi kuwa sawa na SPF 13 hivi, na ya ngozi nyeupe 3 hivi. Melanini hupunguza hatari, lakini madoa yanayosababishwa na jua huziandama hata ngozi nyeusi, na kwa wenye ngozi hizo alama za PA ni muhimu kama namba ya SPF.

Kwa watu wenye ualbino hakuna hata hiyo melanini ya kutegemea, na saratani ya ngozi imewaua wengi mapema. Ndiyo maana losheni ya Kilisun hutengenezwa Moshi, Tanzania, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, kazi iliyoasisiwa na mfamasia Mhispania Mafalda Soto. Nchini Kenya nako, Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu lina mpango wa kuwagawia losheni. Watumiaji hawa ndio wenye uzoefu mrefu zaidi wa bidhaa hii katika Kiswahili, na istilahi yoyote itakayochaguliwa lazima iwafae wao kwanza. Kwao kosa kati ya “paka kidogo” na “paka vya kutosha” huishia kliniki.

Losheni nyepesi ya Korea ikipata siku moja maelezo ya Kiswahili ubavuni mwake, maneno haya yangetosha: Losheni ya kukinga jua, ya mwili. Kipimo cha kinga dhidi ya jua (SPF): zaidi ya 50. Daraja la kinga dhidi ya UVA (PA): la nne. Haipaushi ngozi. Haistahimili maji. Mtu mzima apake vijiko saba vya chai mwili mzima, dakika 20 kabla ya kutoka. Arudie kila baada ya saa mbili, na kila anapotokwa na jasho jingi au kujifuta kwa taulo.