Kondoo wa Nakivale, Mfugo wa Asiye na Hati

Historia ya Ankole imeandikwa kwa pembe za ng'ombe. Mji wa Mbarara umemjengea sanamu, ukuu wa Omugabe, mfalme wa Ankole, ulipimwa kwa makundi yake, na viwanda vya maziwa ndivyo vinavyoutangaza mji huo hadi nje ya Uganda. Anayesoma habari za magharibi ya Uganda atakutana na Wahima na ng'ombe wao wa pembe ndefu kabla ya kukutana na jambo lingine lolote, na anaweza kufika ukurasa wa mwisho bila kujua kwamba nyuma ya ng'ombe hao alitembea kondoo. Nashikilia kwamba kumsahau mnyama huyo kumetufanya tuisome vibaya historia ya ardhi yenyewe, hasa ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoko wilayani Isingiro, kusini-mashariki mwa Mbarara, karibu na mpaka wa Tanzania. Ng'ombe husimulia habari za mwenye nchi. Ukitaka habari za mtu anayelima na kulisha juu ya ardhi asiyoweza kuiuza wala kumrithisha mwanawe, mtafute kondoo.

Tuanze zamani, kwa sababu huko ndiko kulikozaliwa dhana kwamba kondoo hakuthaminiwa. Katika falme za Maziwa Makuu alifugwa na watu wasiomla. Nchini Rwanda Wahutu na Watutsi kwa pamoja waliiona nyama yake kuwa mwiko, na Watwa, walioila, walidharauliwa kwa sababu hiyo. Katika Buganda na Ankole mwiko uliwaangukia zaidi wanawake, waliokatazwa kondoo pamoja na kuku na mayai. Kwa kuutazama mwiko huo juujuu ni rahisi kudhani kwamba mnyama huyu alikuwa duni. Mimi naona kinyume chake. Rwanda ilimfanya kondoo ishara ya amani, ikamchanganya na ng'ombe ili upole wake ulitulize kundi. Waganda waliamini kwamba uwepo wake zizini huepusha radi, na mojawapo ya koo zao kubwa, Endiga, imemchukua kuwa mwiko wake wa heshima. Ngozi yake ililainishwa ikawa mbeleko ya mtoto mchanga. Jamii haimbebi mwanawe katika ngozi ya mnyama inayemdharau. Mwiko ulimpa kondoo kazi nyingine, mbali na sufuria, na matokeo yake kiuchumi yalikuwa mazito: pasipo mlaji hapana mnunuzi, na pasipo mnunuzi hakuna anayekusanya kondoo mia. Walibaki wawili watatu kando ya ng'ombe, wakiishi kwa majani yaleyale bila kuhesabiwa utajiri.

Uchache huo haukuwa na maana kwamba hawakufaa. Mwaka 1891, Mwingereza Frederick Lugard alipopita Ankole akielekea magharibi, sotoka ilikuwa imekwisha kuyafagia makundi ya ng'ombe. Ugonjwa huo ulikuwa umeingia Afrika Mashariki kupitia Massawa katika miaka ya mwisho ya 1880, ukashuka kusini ukiua ng'ombe na nyati kwa wingi wa kutisha, huku kondoo na mbuzi wakiathirika kwa kiasi kidogo mno. Familia iliyobakiwa na kitu chenye kwato baada ya maafa hayo ilibakiwa zaidi na wanyama wadogo. Hata hivyo serikali ya kikoloni, iliyoifunga Ankole kwa mkataba wa 1901, ilielekeza macho yake kwa ng'ombe. Kule Kenya walowezi kama Lord Delamere walijaribu utajiri wa sufi, na kondoo wengi wa Delamere wakafa Njoro kwa sababu malisho yalipungukiwa madini. Kondoo wa Ankole hakuwa hata na sufi ya kumvuta mlowezi: ana manyoya mafupi na mkia wa mafuta, hahitaji kukatwa manyoya, hana cha kupelekwa kiwandani. Mnyama asiyeliwa na wenyeji wala kutamaniwa na mkoloni hakuwa na nafasi katika daftari la yeyote.

Katika hali hiyo ndipo Nakivale ikazaliwa. Makazi yalianza mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, yakajaa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda yaliyolipuka Novemba 1959. Ardhi ilipatikana kwa urahisi kwa sababu mbung'o walikuwa wamewafukuza wafugaji katika sehemu kubwa za Ankole kwa miongo kadhaa, wakaacha vichaka na wanyama wa porini kuzunguka maziwa ya Nakivale na Mburo. Waliofika walikuwa wafugaji, wengine na ng'ombe wao, na fikra zao juu ya kondoo walikuja nazo vilevile. Wakati huohuo mkimbizi alianza kuwa mtu wa kudhibitiwa pamoja na mali yake. Uganda ilitunga sheria yake ya kuwadhibiti wakimbizi wa kigeni mwaka 1960. Tanzania ilifuata mwaka 1965, na sheria yake iliwaruhusu maafisa kuamuru mifugo iliyoingizwa na wakimbizi izuiliwe au ichinjwe. Lilikuwa jambo la kutisha kwa mfugaji. Mwenyeji huhofia ukame na maradhi. Mkimbizi ilimbidi ahofie pia karatasi ya afisa.

Hofu hiyo ilithibitishwa miaka mingi baadaye, na hapa ndipo ushahidi wangu mkubwa ulipo. Oktoba 1982 Wanyarwanda wa Ankole, wakimbizi na wenyeji wa miaka mingi bila kubaguliwa, walifukuzwa majumbani mwao. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaporwa, na maelfu ya watu wakasukumwa ama kuvuka mpaka ama kuingia katika makazi ya Nakivale na Oruchinga. Mwaka 1990 ugomvi ukarudi kwa sura nyingine katika ranchi kubwa zilizogawiwa watu wachache miaka ya 1960. Wafugaji wasio na ardhi waliokuwa wakilisha humo walidai haki yao, na swali la nani ni Mnyarwanda na nani ni raia likawa kisu mkononi mwa washindani. Msomi Mahmood Mamdani ameonyesha jinsi mgogoro huo ulivyowasukuma vijana wengi kuelekea vita vilivyoanza Rwanda Oktoba mwaka huohuo. Katika visa vyote viwili ng'ombe alikuwa shahidi dhidi ya mwenyewe. Anaonekana kutoka mbali, anahitaji nyika, anakunywa katika bwawa la jirani, na kila anapokanyaga anauliza swali la nani mwenye nchi. Kwa mtu ambaye hadhi yake inaweza kutenguliwa kwa mkutano mmoja wa baraza la wilaya, utajiri wa namna hiyo ni hatari. Sidai kwamba mwaka 1982 waporaji waliwaacha kondoo. Ninachodai ni kwamba hakuna aliyefukuzwa nchini kwa sababu ya kondoo.

Baada ya 1994 wakimbizi wa 1959 walirudi Rwanda kwa wingi, wakaswaga ng'ombe wao hadi Mutara na ndani ya hifadhi ya Akagera, ambayo serikali ilikuja kuipunguza kwa takriban theluthi mbili mwaka 1997. Nakivale ikapokea watu wengine: Wahutu wa Rwanda, Wakongo wa Kivu, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Leo ni zaidi ya laki moja, na Kiswahili kimekuwa lugha yao ya sokoni. Wengi walifika bila mnyama hata mmoja. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 na kanuni zake za 2010 ziliwapa haki ya kuitumia ardhi ya makazi kwa kilimo au kwa malisho, bila haki ya kuiuza wala kuikodisha. Malisho yametajwa wazi. Lakini kipimo cha kiwanja hakikumfikiria mnyama. Kiwanja cha zamani kilichozoeleka kilikuwa mita 50 kwa 100, yaani nusu hekta. Kadiri watu walivyoongezeka vipande vikapungua, na familia mpya nyingi za wakimbizi nchini Uganda zimepewa mita 30 kwa 30. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji karibu kilo 9 za majani makavu kwa siku, na katika mita 900 za mraba zenye nyumba, choo na mahindi hawezi kupata hata sehemu ndogo yake. Kondoo wa kienyeji mwenye kilo 30 anatosheka na kilo moja hivi, anayoweza kuipata kwa kamba na kigingi kando ya njia, kwenye mpaka wa shamba na katika mabua baada ya mavuno. Hubeba mimba miezi mitano tu. Mbolea yake inaingia moja kwa moja kwenye migomba, zao ambalo Isingiro inajulikana kwalo nchi nzima. Haki ya malisho iliyoandikwa Kampala, ukiipima juu ya kiwanja chenyewe, ina ukubwa wa kondoo.

Lakini kiwanja kidogo peke yake kisingetosha kumwinua; alihitaji mlaji, na mlaji alikuja akiwa mkimbizi. Msomali ametoka katika nchi ambayo kondoo mweupe mwenye kichwa cheusi ni uti wa mgongo wa biashara, akisafirishwa kwa mamilioni kutoka bandari ya Berbera kwenda Uarabuni, hasa msimu wa hija. Kwake nyama ya kondoo ni chakula cha mgeni, cha harusi na cha Idi. Mwethiopia naye humtafuta kondoo kwa sikukuu zake, awe Mkristo au Mwislamu. Watu hawa walipojenga misikiti, maduka na migahawa yao Nakivale, eneo la Base Camp, walikuja na hamu ambayo Ankole ya zamani haikuwa nayo. Hivyo katika makazi mamoja wakakutana watu ambao kwa karne nyingi walijua kumfuga kondoo bila kumla na watu wanaojua kumla lakini wakakosa nyika ya kumfugia. Naona hili ni tukio kubwa katika historia ya ufugaji wa magharibi ya Uganda, ingawa halikupangwa na ofisi yoyote. Mwiko wa wazee haukulazimika kuvunjwa: mtu anaweza kumuuza kondoo bila kuonja nyama yake, kama vile mvuvi wa ukoo unaokataza samaki fulani anavyoweza kumuuza samaki huyo kwa mwingine.

Atakayepinga ataanza na takwimu, na anastahili kusikilizwa. Sensa ya mifugo ya 2008 ilihesabu mbuzi milioni 12.5 Uganda nzima na kondoo milioni 3.4 tu, na karibu nusu ya kondoo hao walikuwa Karamoja. Kama kondoo ndiye mfugo wa asiye na hati, mbona mbuzi ndiye anayeonekana kila kona? Kweli mbuzi huzaa mapacha mara nyingi, huuzwa upesi, na wengi hawaoni haya kumla. Lakini sensa huhesabu vichwa, haihesabu ugomvi. Mbuzi hupanda, hubandua magome, hula machipukizi ya migomba na miche ya kahawa, na mmiliki wa shamba la jirani akiwa raia na mwenye mbuzi akiwa mkimbizi, kesi hiyo huisha kwa namna inayotabirika. Kondoo huinamia majani ya chini, hukaa karibu na wenzake, na hutulia kwenye kamba. Aidha uchache wa kondoo wa magharibi unaeleweka tukikumbuka mwiko: soko lake hapa lina miongo michache tu, la mbuzi lina umri wa mababu. Karamoja nayo hainipingi, kwa kuwa kule kondoo hutembea nyuma ya ng'ombe katika nyika pana, kama alivyotembea Ankole ya kale. Nakivale imemtenga na kundi na kumfanya kundi lenyewe.

Pingamizi la pili ni la kitabibu, na ni zito zaidi. Ziwa Nakivale ni sehemu ya ardhi oevu inayolishwa na mto Rwizi unaopita Mbarara, iliyowekwa chini ya mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Ukingo wake ndiko majani hubaki mabichi wakati wa kiangazi, na huko ndiko wanakoishi konokono wanaoeneza minyoo ya ini. Kondoo hushambuliwa nayo vibaya, kwato zake huoza katika tope, na akifungwa kigingi mahali pamoja siku baada ya siku hujilisha mabuu ya minyoo ya tumboni yaliyoanguliwa kutoka katika mayai aliyoyadondosha mwenyewe. Tena huugua kimya. Sotoka ya mbuzi na kondoo nayo ilithibitishwa Karamoja mwaka 2007, miaka minne kabla ya dunia kutangaza kwamba sotoka ya ng'ombe imetokomezwa. Yote haya ni kweli, na mfugaji mwenye kondoo watatu akipoteza mmoja amepoteza theluthi ya benki yake. Ila tuangalie ugonjwa unatoka wapi: kondoo hupelekwa kwenye tope kwa sababu kiwanja hakikuachiwa ukanda mkavu wenye majani, na hufungwa mahali pamoja kwa sababu hapana mahali pa pili. Dawa ya minyoo inahitajika, na wataalamu wa mifugo wapo Mbarara, lakini dawa haiwezi kuongeza mita.

Na kuna jambo ambalo wilaya ya Isingiro imelirudia mara kadhaa miaka ya karibuni. Ugonjwa wa miguu na midomo ukizuka katika ng'ombe, karantini hutangazwa, minada hufungwa, na usafirishaji wa kila mnyama mwenye kwato zilizogawanyika husimamishwa, kondoo akiwemo. Kwa daktari wa mifugo amri hiyo ni sahihi. Kwa familia iliyopanga kumuuza kondoo dume wakati wa Idi ili ilipe karo, ni msimu mzima uliopotea, ilhali mwenye ng'ombe hata soko likifungwa bado ana maziwa ya kunywa. Wakati wa kugawa viwanja kondoo hakuhesabiwa, na wakati wa kufunga soko anahesabiwa kichwa kwa kichwa. Maafisa wa makazi wanaopima vipande vipya wana kanuni ya 2010 mkononi, na neno malisho bado limo ndani yake.